Nani Atunze Hali? Historia ya Kache ya Upande wa Mteja katika Mifumo ya Faili ya Mtandao, 1984–2003

Mfumo wa faili wa mtandao humwezesha mtumiaji wa kompyuta moja kusoma na kuandika faili zilizohifadhiwa katika kompyuta nyingine kana kwamba faili hizo zimo katika diski yake mwenyewe. Uzito wote wa maelezo hayo umebebwa na maneno "kana kwamba". Kila ombi linalosafiri kwenda kwenye seva na kurudi hula muda. Seva inayohudumia wateja wengi huzidiwa. Nao waya unaounganisha pande hizo mbili unaweza kukatika wakati wowote. Ili udanganyifu huo mwema udumu, kompyuta ya mteja hulazimika kujiwekea nakala ya kile ilichokwisha kukisoma, na pengine kukaa kwa muda na kile ilichokiandika kabla ya kukipeleka. Nakala hiyo ndiyo inayoitwa kache. Mara tu nakala ya pili inapozaliwa, huzaliwa pia swali: ipi kati ya hizo mbili ni ya kweli, na ni nani mwenye wajibu wa kujua?

Historia ya swali hilo husimuliwa mara nyingi kama safari iliyonyooka, kutoka mifumo yenye uwiano dhaifu wa nakala hadi mifumo yenye uwiano imara. Insha hii inapinga usimulizi huo. Inadai kwamba maamuzi makubwa kuhusu kache ya mteja, hasa kati ya mwaka 1984 na 2003, yaliongozwa na hofu ya kuanguka kwa seva kuliko yalivyoongozwa na hamu ya usahihi au kasi. Walioamua kwamba seva isikumbuke chochote kuhusu wateja wake walijua vyema kwamba nakala za wateja zingechakaa. Walikubali hasara hiyo kwa kuwa waliiona ndogo kuliko hasara ya seva inayozinduka baada ya kuzimika ghafla bila kujua ilikuwa imemwahidi nani nini.

Istilahi yenyewe inahitaji neno moja kabla ya kuendelea. Baadhi ya waandishi wa Kiswahili hutumia "akiba" mahali pa kache. Neno hilo linapendeza, lakini linapotosha. Akiba ni mali ya aliyeiweka, na wahenga walisema haiozi. Kache ya mteja ni nakala ya mali ya mwingine, na tatizo lake lote la kihistoria ni kwamba huoza bila mwenye kuitunza kusikia harufu. Kwa sababu hiyo neno "kache" ndilo linalotumika hapa.

Uamuzi wa kutokumbuka

Kampuni ya Sun Microsystems, iliyoanzishwa mwaka 1982, iliuza kompyuta za mezani zenye nguvu kwa wahandisi na vyuo. Diski katika miaka hiyo zilikuwa ghali na zenye kelele, na baadhi ya kompyuta hizo ziliuzwa bila diski kabisa. Kila faili, pamoja na mfumo endeshi wenyewe, ilitoka kwenye seva kupitia mtandao wa Ethernet. Usanifu wa Network File System, maarufu kwa kifupi NFS, ulianza mwaka 1984, na maelezo yake yakatolewa hadharani katika mkutano wa USENIX wa kiangazi cha mwaka 1985 na Russel Sandberg na wenzake wanne. Itifaki hiyo, ambayo kwa hesabu ya kampuni ilikuwa toleo la pili, iliandikwa baadaye katika waraka RFC 1094 wa Machi 1989.

Kiini cha usanifu huo kilikuwa kanuni moja: seva isitunze hali. Katika Unix ya kawaida, programu inapofungua faili, kiini cha mfumo endeshi hukumbuka kwamba faili imefunguliwa, imefunguliwa na nani, na usomaji umefika wapi. Seva ya NFS haikukumbuka lolote kati ya hayo. Itifaki haikuwa hata na ombi la kufungua wala la kufunga faili. Kila ombi la kusoma lilijitosheleza: lilitaja kitambulisho cha faili, mahali pa kuanzia na idadi ya baiti zinazotakiwa. Seva ilijibu na kusahau.

Faida ya usahaulifu huo ilionekana seva ilipoanguka. Mteja aliyekosa jibu alirudia ombi lake, akarudia tena, hadi seva ilipozinduka. Kwa kuwa maombi mengi yangeweza kurudiwa bila madhara, na kwa kuwa seva haikuwa na kumbukumbu ya kupoteza, hakukuwa na utaratibu wowote maalumu wa kujirudishia hali. Kwa mtazamo wa mteja, seva iliyoanguka na kuinuka haikuwa na tofauti na seva iliyochelewa tu. Waliowahi kusimamia kompyuta nyingi kwa wakati mmoja hawahitaji kushawishiwa juu ya thamani ya jambo hilo.

Gharama yake iliangukia kwenye kache. Seva isiyojua nani ana nakala haiwezi kumwarifu yeyote kwamba nakala yake imepitwa na wakati. Ikawa ni juu ya mteja kuuliza. Njia iliyochukuliwa ilikuwa ya mteja kutunza, pamoja na data, sifa za faili, hasa muhuri wa muda wa badiliko la mwisho. Kila alipotaka kuhakikisha kwamba data yake bado ni hai, aliiomba seva sifa hizo na kulinganisha mihuri. Ikiwa mihuri ililingana, data iliendelea kutumika. Ikiwa ilitofautiana, data ilitupwa. Lakini kuuliza kabla ya kila usomaji kungeifuta faida ya kuwa na kache. Hivyo sifa zenyewe nazo zikawekwa katika kache kwa muda maalumu. Thamani zilizozoeleka katika utekelezaji mwingi ni kati ya sekunde 3 na 60 kwa faili za kawaida, na kati ya sekunde 30 na 60 kwa saraka. Faili iliyobadilishwa punde hupewa muda mfupi, kwa dhana kwamba kilichobadilika sasa hivi huenda kikabadilika tena; ile iliyotulia hupewa muda mrefu.

Juu ya utaratibu huo ulijengwa mwafaka unaoweza kuitwa uwiano wa kufunga-hadi-kufungua. Programu inapofunga faili, mteja hupeleka kwenye seva kila alichokuwa bado amekishikilia. Programu nyingine inapofungua faili hiyohiyo katika kompyuta nyingine, mteja wake huomba sifa upya badala ya kuamini zilizomo katika kache. Basi anayefungua baada ya mwenzake kufunga ataona kazi ya mwenzake. Anayesoma faili aliyokwisha kuifungua zamani hana ahadi hiyo. Anayeorodhesha saraka anaweza kukosa kuona faili iliyoundwa nusu dakika iliyopita katika kompyuta ya chumba cha pili. Inafaa kusisitiza kwamba mwafaka huu haukuwa sehemu ya itifaki. Ulikuwa desturi ya watengenezaji wa upande wa mteja, na ilichukua miaka mingi kabla haujaandikwa kama wajibu.

Mwafaka huo ulikuwa na nyufa. Ufa wa kwanza ulikuwa wa saa: mifumo mingi ya faili ya Unix ilirekodi muhuri wa badiliko kwa usahihi wa sekunde moja. Faili ikiandikwa mara mbili ndani ya sekunde ileile, na mteja akachukua nakala baada ya uandishi wa kwanza, muhuri wake ungelingana na ule wa seva ilhali data ni tofauti. Mteja angeuliza, angejibiwa kwa uaminifu, na bado angedanganyika, tena bila kikomo cha muda.

Ufa wa pili uligusa kazi za watu moja kwa moja, na haujapewa uzito unaostahili katika maandishi ya kitaaluma. Mteja wa NFS aliruhusu programu kuendelea mara tu alipopokea data ya kuandikwa. Kuipeleka kwenye seva kulifanyika kwa nyuma. Ikiwa diski ya seva ilikuwa imejaa, au mgao wa mtumiaji umekwisha, kosa halikuweza kurudishwa kwa wito wa kuandika, kwa kuwa wito huo ulikwisha kujibiwa kwamba umefaulu. Lilirudishwa katika wito uliofuata, na mara nyingi huo ulikuwa ule wa kufunga faili. Programu nyingi za Unix hazikuwa na mazoea ya kuangalia jibu la kufunga, kwani katika diski ya ndani wito huo ulikuwa haushindwi kamwe. Mtumiaji aliambiwa hati yake imehifadhiwa, akaondoka. Hapa ndipo "kana kwamba" iliposhindwa kikamilifu: programu iliyoandikwa kwa diski ya ndani ilikuwa sahihi hadi siku ilipoendeshwa juu ya mtandao, na hakuna herufi hata moja ndani yake iliyobadilika.

Ahadi ya Pittsburgh

Mwaka 1982 Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na kampuni ya IBM walikubaliana kujenga mazingira ya kompyuta kwa chuo kizima. Mradi uliitwa Andrew, jina la kwanza la Carnegie na la Mellon pia. Lengo lililotajwa lilikuwa kuhudumia vituo vya kazi 5,000 au zaidi, na ukubwa huo ndio uliotawala kila uamuzi. Sun walikuwa wakifikiria ofisi moja ya wahandisi. Pittsburgh walikuwa wakifikiria mji.

Mfumo wa faili wa Andrew, AFS, uliweka faili nzima katika diski ya ndani ya mteja wakati wa kufungua, na kuirudisha nzima kwenye seva wakati wa kufunga ikiwa ilibadilishwa. Kati ya kufungua na kufunga, seva haikuhusika kabisa. Msingi wa uamuzi huo ulikuwa uchunguzi wa jinsi watu wanavyotumia faili: nyingi ni ndogo, husomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ni nadra watu wawili kuiandika moja kwa wakati mmoja.

Toleo la majaribio lilikuwa na kosa moja lenye mafunzo. Kila faili ilipofunguliwa, mteja aliyekuwa na nakala aliiuliza seva kama nakala hiyo bado ni halali. Watafiti walipohesabu maombi yaliyofika kwenye seva zao waligundua kwamba maombi hayo ya uhakiki yalikuwa asilimia 61.7 ya yote, na maombi ya sifa za faili asilimia 26.8. Kuleta faili kulikuwa asilimia 4 na kupeleka faili asilimia 2.1 tu. Seva zilikuwa zikitumia siku yao kujibu "bado ni halali". Takwimu hizo zilichapishwa na John Howard, Mahadev Satyanarayanan na wenzao mwezi Februari 1988 katika jarida la ACM la mifumo ya kompyuta, na ni miongoni mwa takwimu zilizobadilisha mwelekeo wa fani hii.

Tiba waliyoichagua ilikuwa kugeuza mzigo wa wajibu. Seva ilipompa mteja faili, ilimpa pia ahadi ya taarifa: faili hii ikibadilishwa na mwingine, utajulishwa. Mteja mwenye ahadi hiyo alifungua nakala yake bila kuuliza chochote. Katika ulinganisho uliofanywa na watafiti haohao, seva ya NFS ilifikia kikomo cha uwezo wa kichakataji chake chini ya mzigo ambao seva ya Andrew iliubeba bila taabu. Ulinganisho huo ulifanywa na wenye mfumo mmoja kati ya miwili iliyolinganishwa, na inafaa kusomwa kwa tahadhari hiyo, ingawa sababu iliyotolewa haina ubishi: ombi lisilotumwa halichoshi seva.

Lakini ahadi ni hali. Seva sasa ilipaswa kukumbuka nani ana nakala ya nini, na ikianguka husahau. Mteja ambaye waya wake umekatika huendelea kuamini ahadi ambayo seva imekwisha kuivunja bila yeye kusikia. Wabunifu wa Andrew walishughulikia hayo kwa kumtaka mteja aliyewashwa upya atilie shaka kila kitu alichonacho, na kwa kuwasiliana mara kwa mara ili kugundua ukimya. Walikubali pia kwamba watu wawili wakiandika faili moja kwa pamoja, aliyefunga mwisho ndiye atakayebaki, na kazi ya mwenzake itafutika yote. Kwa chuo hilo lilivumilika. Kwa hifadhidata halikuwezekana.

Sekunde thelathini za Berkeley

Katika toleo lilelile la Februari 1988 ilichapishwa makala ya Michael Nelson, Brent Welch na John Ousterhout kuhusu kache katika mfumo endeshi wa Sprite, uliokuwa ukijengwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Msomaji wa toleo hilo aliweza kulinganisha, kurasa chache baada ya kurasa, njia mbili zinazotofautiana juu ya jambo moja.

Sprite ilianzia kwenye kipimo. Mwaka 1985 Ousterhout na wenzake walikuwa wamechapisha uchambuzi wa kumbukumbu za matumizi ya mfumo wa faili wa Unix 4.2 BSD. Walikuta kwamba kati ya asilimia 20 na 30 ya data yote mpya ilifutwa au kuandikwa upya ndani ya sekunde 30, na takriban nusu ndani ya dakika 5. Faili za muda za vikusanyaji programu huzaliwa na kufa kabla ya yeyote kuzihitaji. Kwa nini basi zipelekwe kwenye seva? Mteja wa Sprite aliweka data katika kumbukumbu kuu, si katika diski, na kuchelewesha uandishi kwa sekunde 30. Kilichokufa ndani ya muda huo hakikusafiri kabisa. Bei yake ilikuwa wazi: umeme ukikatika, kazi ya nusu dakika iliyopita ilipotea. Unix ya kawaida nayo ilikuwa na dirisha kama hilo, na Ousterhout alilitumia kama hoja ya kujitetea.

Kuhusu uwiano, Sprite haikukubali maridhiano. Kila kufungua na kufunga kulipita kwenye seva, nayo ikajua wakati wote nani anasoma na nani anaandika. Ikiwa mteja mmoja alikuwa na data ambayo hajaipeleka na mwingine akafungua faili hiyo, seva ilimwagiza wa kwanza airudishe. Ikiwa wawili walifungua kwa pamoja na angalau mmoja wao anaandika, seva ilizima kache ya faili hiyo kwa wote, na kila usomaji ukaenda kwenye seva moja kwa moja. Msomaji alipata data ya mwisho kuandikwa, sawa na katika kompyuta moja.

Thamani ya ukali huo ilipimwa mwaka 1991, Mary Baker na wenzake walipochunguza matumizi halisi ya Sprite. Walikuta kwamba kushiriki faili kwa wakati mmoja kukiwamo uandishi kulitokea chini ya mara moja katika kila faili mia zilizofunguliwa. Kisha wakaiga, kwa kutumia kumbukumbu zilezile, jinsi watumiaji hao wangeathirika kama wangekuwa na utaratibu wa kuulizia kila baada ya muda, mithili ya NFS. Kwa muda wa sekunde 60, watumiaji wengi wangekutana na data iliyochakaa. Kwa sekunde 3, wangekuwa wachache, lakini wangekuwapo. Matokeo hayo yana makali pande mbili. Tukio ni nadra, na hilo humpa nguvu asemaye kwamba udhaifu wa NFS unavumilika. Wakati huohuo tukio nadra linalowaangukia watu wengi ndilo lile ambalo hakuna anayeweza kulirudia ili kulichunguza.

Mbona basi Sprite na AFS hazikuishinda NFS? Sababu mojawapo ni ya biashara: Sun walitoa maelezo ya itifaki hadharani na kuwapa watengenezaji wengine leseni, na mteja wa NFS akapatikana kwa karibu kila aina ya kompyuta. Sababu ya pili ndiyo inayoihusu insha hii. Seva ya Sprite ilipoanguka, hali iliyokuwa imesambaa kwa wateja ilibidi ikusanywe upya. Wateja wote walipoitambua seva imerudi walikimbilia kuieleza walichokuwa nacho, na seva iliyotoka kuinuka ikazidiwa na wanaotaka kuisaidia. Tatizo hilo lilitatulika, lakini lilihitaji kazi, na NFS haikuwa nalo kabisa.

Mkataba wenye kikomo

Suluhisho la mvutano huu lilitoka Stanford. Cary Gray na David Cheriton walichapisha mwaka 1989 wazo la mkataba wa muda. Seva humpa mteja haki ya kutumia nakala yake bila kuuliza, kama ahadi ya Andrew, lakini haki hiyo ina tarehe ya mwisho. Ni upangaji wa nyumba badala ya uuzaji. Mteja akitoweka, seva haihitaji kumtafuta. Husubiri tu mkataba uishe. Seva ikianguka, haihitaji kukumbuka wapangaji. Inaposimama tena husubiri kwa muda wa mkataba mrefu kuliko yote iliyotoa, na baada ya hapo ina hakika hakuna mwenye haki ya zamani. Waandishi hao walionyesha pia kwamba mikataba mifupi, ya sekunde chache, huleta sehemu kubwa ya faida. Sharti lake ni kwamba saa za pande mbili zisiende kwa kasi zinazoachana mno.

Uzuri wa wazo hili uko katika kile lilichokitenganisha. Hadi hapo, kutunza hali na ugumu wa kujirudishia hali vilichukuliwa kuwa kitu kimoja. Mkataba wa muda ulionyesha kwamba hali inayojifuta yenyewe ni ya aina nyingine. Hofu ya mwaka 1984 ilikuwa ya haki, lakini ilikuwa hofu ya hali isiyo na mwisho.

Mwaka huohuo wa 1989, V. Srinivasan na Jeffrey Mogul walipandikiza utaratibu wa Sprite juu ya NFS, na Rick Macklem baadaye akaleta mikataba ya muda katika NFS ya 4.4BSD. Majaribio hayo hayakuenea sana. Yalionyesha hata hivyo kwamba kizuizi hakikuwa cha kiufundi.

Toleo la tatu la NFS, lililoandikwa katika RFC 1813 ya Juni 1995, halikuchukua njia hiyo. Lilibaki bila kutunza hali, na waraka wenyewe unasema waziwazi kwamba itifaki haiweki sera ya kache wala haitoi uwiano kamili. Kilichobadilika kilikuwa pembeni, ingawa kilikuwa na manufaa makubwa. Katika toleo la pili seva haikuruhusiwa kujibu ombi la kuandika kabla data haijatua kwenye hifadhi ya kudumu, na hilo lilifanya uandishi uwe wa polepole mno. Toleo la tatu liliruhusu seva kupokea data kwanza na kuithibitisha baadaye kwa ombi tofauti. Mteja hushikilia nakala hadi athibitishiwe, na kama seva imeanguka katikati, alama inayorudishwa na seva humfichulia jambo hilo naye huipeleka data upya. Kache ya mteja, iliyoanzishwa kwa ajili ya kasi ya kusoma, ikawa sasa bima ya uandishi. Majibu ya seva yalibeba pia sifa za faili za kabla na za baada ya badiliko, ili mteja aweze kutofautisha badiliko lake na la mwingine.

Kando ya ukoo huu zilikuwapo njia mbili zinazostahili kutajwa kwa kifupi. Coda, iliyoanzishwa Carnegie Mellon mwaka 1987, iliichukua kache ya Andrew na kuiuliza swali jipya: mteja aliyekatika kabisa anaweza kuendelea kufanya kazi kwa nakala zake, kisha kupatanishwa atakaporudi? James Kistler na Satyanarayanan walijibu ndiyo. Katika ulimwengu wa Windows, nako, itifaki ya SMB ilikuwa na utaratibu wake wa seva kumruhusu mteja kuweka kache na kumnyang'anya ruhusa hiyo mwingine anapofungua faili.

Sun waliikabidhi NFS kwa taasisi ya viwango vya intaneti, IETF, na toleo la nne likaandikwa katika RFC 3010 ya Desemba 2000, kisha likasahihishwa katika RFC 3530 ya Aprili 2003. Hapo kanuni ya mwaka 1984 iliachwa rasmi. Kufungua na kufunga vikaingia katika itifaki. Seva ikaanza kutunza hali, chini ya mkataba wa muda ambao mteja hulazimika kuuhuisha, na seva inayozinduka huweka kipindi cha neema ambapo wateja wa zamani hudai walichokuwa nacho kabla wapya hawajapewa kitu. Muhuri wa muda ulipata mwenzake: sifa ya badiliko, ambayo ni lazima iwe tofauti kila faili inapobadilika hata ndani ya sekunde ileile, na hivyo ule ufa wa saa ukazibwa katika itifaki, ingawa si katika kila mfumo wa faili ulio chini yake. Na uwiano wa kufunga-hadi-kufungua, uliokuwa desturi tu, ukaandikwa.

Jipya zaidi lilikuwa ukasimishaji. Seva inaweza kumkasimu mteja mamlaka juu ya faili: asome, au hata aandike na kufungua tena na tena, bila kuirejea seva, hadi itakapomtaka arudishe mamlaka hayo. Ni ahadi ya Andrew ndani ya mkataba wa Stanford. Utekelezaji wake ulikwama mahali ambapo wabunifu wa miaka ya 1980 wasingeweza kupafikiria. Ili seva imtake mteja arudishe mamlaka, katika toleo hili ilipaswa kufungua muunganisho mpya kuelekea kwake, na kufikia mwaka 2003 wateja wengi walikuwa nyuma ya kuta za moto na vifaa vinavyobadili anwani. Seva isiyoweza kumfikia mteja haikuweza kumkasimu chochote. Ilibidi lisubiriwe toleo la 4.1, katika RFC 5661 ya Januari 2010, ili wito wa seva upite katika muunganisho uleule ambao mteja aliufungua mwenyewe.

Ukasimishaji, hata ulipowezekana, ulibaki hiari ya seva. Seva inaweza kuukataa bila kutoa sababu, na mteja asiye nao hurudi kwenye njia ya kuuliza. Kosa la diski iliyojaa bado linaweza kujitokeza wakati wa kufunga faili. Na katika mwongozo wa mteja wa NFS wa Linux, muda wa kuamini sifa za faili zilizomo katika kache, pale msimamizi asipochagua vinginevyo, bado ni kati ya sekunde 3 na 60.